Jembe na Mpini: Insha juu ya Jiografia na Elimu ya Uchumi

Wako wanafunzi wengi wadhanio kuwa jiografia ni elimu ya kukariri majina ya mito, milima na miji, na kwamba elimu ya uchumi ni hesabu ya fedha zilizomo katika mabenki. Mwanafunzi mwenye fikira hiyo akifika mwisho wa masomo ya sekondari, akasikia kwamba vyuo vikuu kadha humruhusu mtu kusoma masomo hayo mawili kwa pamoja na kutunukiwa shahada moja, hustaajabu. Huuliza: Je, mlima na shilingi vina udugu gani? Insha hii yakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tutaitazama nchi moja kavu ya Kenya, ambayo watu wake walifundishwa na njaa na safari kwamba masomo hayo ni kama jembe na mpini: kila kimoja kina jina lake, lakini shamba halilimwi mpaka vikutane.

Nchi hiyo ni Kitui, katika Ukambani, na mahali tutakapopafanya kituo chetu ni Migwani, mji mdogo wenye soko, katika nchi ya vilima iliyo baina ya mji wa Kitui na mji wa Mwingi. Mvua za huko ni mbili kwa mwaka: moja huja kati ya Machi na Mei, na nyingine kati ya Oktoba na Desemba. Katika sehemu nyingi za Kenya mvua ya kwanza ndiyo kubwa, lakini mkulima wa Kitui huitegemea zaidi ile ya pili, kwa kuwa ile ya kwanza humdanganya mara nyingi. Mito mingi hububujika siku chache tu baada ya mvua, kisha hubaki njia za mchanga mtupu. Wakulima hupanda mahindi, mtama, kunde, mbaazi, na pojo ambazo wenyeji huziita ndengu. Nao hufuga mbuzi na ng'ombe.

Sasa fikiri juu ya soko la nchi kama hiyo. Mwaka wa mvua njema, nafaka hujaa ghalani na bei yake hushuka. Mbuzi hunona, na mwenye mbuzi hana haraka ya kumwuza. Mwaka wa ukame mambo hugeuka. Kila nyumba yataka mahindi, na ili kuyapata kila nyumba humtoa mbuzi wake sokoni siku ile ile. Mbuzi wenyewe wamekonda, wauzaji ni wengi, wanunuzi ni wachache. Hivyo bei ya mbuzi huanguka wakati uo huo bei ya mahindi ipandapo. Mbuzi aliyeweza kununua magunia mwaka jana, mwaka huu hanunui ila vibaba. Ajuaye habari za mvua peke yake hawezi kueleza jambo hilo lote, na ajuaye habari za bei peke yake hawezi vilevile. Mawingu ndiyo yaliyoandika bei ile, lakini yaliandika kwa mkono wa soko.

Wazee wa Kitui walilijua jambo hilo zamani, kabla ya kuwako chuo kikuu chochote katika Afrika ya Mashariki. Mavuno yalipokosekana walikwenda kwa majirani waliopata mvua, wakabadilishana mali kwa chakula. Kwa Kikamba safari hizo za kutafuta chakula ziliitwa kuthuua. Kutoka katika safari fupi za njaa zilizaliwa safari ndefu za biashara, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikichukua pembe za ndovu kutoka bara hata Mombasa, na kurudi na nguo, ushanga, nyaya za shaba na chumvi. Tusiisifu biashara hiyo kupita kiasi, maana pembe ilikuwa mauti ya ndovu, na katika njia zizo hizo watumwa nao waliuzwa. Lakini ilitaka maarifa makubwa. Kiongozi wa msafara ilimpasa ayajue maji yalipo, mwezi ambao mto wavukika, makabila ya njiani na desturi zao. Na tena ajue bei ya pembe pwani na bei ya nguo bara. Akikosea katika moja la hayo, aliwaangamiza watu wake au aliipoteza mali yake.

Mmoja wa wafanyabiashara hao alikuwa Kivoi wa Kitui. Mwaka 1849 alipokea mgeni, Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa. Kivoi alimweleza mgeni wake habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba mwaka huo Krapf aliuona kwa macho yake kutoka nchi ya Kitui. Wataalamu kadha wa Ulaya walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Lakini mlima ulikuwapo, na jina lake, kama lilivyotamkwa na Wakamba, liliingia katika ramani na baadaye likawa jina la nchi nzima ya Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851, karibu na mto Tana, alipokuwa safarini pamoja na Krapf. Angalia basi jinsi jambo hili lilivyo la ajabu: habari ya mlima huo ilifika Ulaya kwa sababu mfanyabiashara wa pembe alikuwa ameichunguza nchi yake vyema.

Wakati misafara hiyo ilipokuwa ikishuka pwani, mtu mmoja wa Ujerumani alikuwa akishughulika na fumbo lilo hilo kwa kalamu na daftari. Jina lake ni Johann Heinrich von Thünen. Mwaka 1810 alinunua shamba kubwa mahali paitwapo Tellow, kaskazini mwa Ujerumani, akawa akiandika kwa uangalifu gharama na mapato yake yote. Mwaka 1826 alichapisha kitabu kilichotokana na hesabu hizo. Aliwataka wasomaji wake wafikirie mji mmoja uliomo katikati ya tambarare, ambayo udongo wake ni wa namna moja kila mahali. Je, mkulima wa kila upande atapanda nini? Alijibu kwamba kitakachoamua ni umbali wa kwenda sokoni. Maziwa na mboga, ambavyo huharibika upesi, vitatoka karibu na mji. Nafaka zitatoka mbali zaidi. Na wanyama, wawezao kujipeleka sokoni kwa miguu yao, watafugwa mbali kabisa. Kwa hiyo mashamba yatauzunguka mji kama pete, pete ndani ya pete.

Sheria hiyo Kivoi na wenzake waliitenda bila kuiandika. Kwa nini walichukua pembe hata Mombasa, wasichukue mtama? Kwa sababu mchukuzi wa mtama angekula mzigo wake kabla hajafika, bali pembe moja ilikuwa na thamani ya kuwalipa wachukuzi, kuwalisha, na kumwachia mwenyewe faida. Bidhaa yenye thamani kubwa katika uzito mdogo husafiri mbali. Bidhaa nzito ya thamani ndogo hukaa karibu na kwao. Jiografia humwambia mtu umbali wa mahali, na uchumi humwambia gharama ya umbali huo. Hapo ndipo masomo mawili yalipoanza kushikana mikono.

Tena gharama ya umbali yaweza kubadilika katika maisha ya mtu mmoja. Katika mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa. Mwaka 1899 ilifika Nairobi, na mwaka 1901 ilifika Ziwa Viktoria. Reli hiyo ilipita Kibwezi na Makindu, ikaiacha Kitui mbali upande wa mashariki na kaskazini. Hapana mlima uliohama wala mto uliogeuza njia. Lakini nchi iliyokuwa kiungo cha biashara ya bara na pwani ikawa nchi ya pembeni. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupungua sana kwa maradhi ya sotoka mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kabla karne haijaisha ukame na ndui viliingia pamoja, ikawa njaa kubwa ambayo Wakamba huikumbuka kwa jina la Ngomanisye. Msiba huo uliwakuta watu waliokwisha kupoteza mifugo, na walio mbioni kupoteza biashara, yaani ngao zao mbili walizokuwa wakijikinga nazo tangu zamani.

Sasa tutazame madhara yaletwayo na elimu iliyogawanyika. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona kwamba ardhi ya Ukambani, hasa katika wilaya ya Machakos ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni, inamomonyoka vibaya. Udongo ulichukuliwa na mvua, makorongo yakakatika milimani, na majani yakaisha. Hayo yalikuwa kweli. Wataalamu wakasema kwamba ng'ombe wamezidi, na dawa ni kuwapunguza. Katika mwaka 1938 ng'ombe wa watu wakakamatwa na kuuzwa kwa nguvu, nacho kiwanda cha nyama kilikuwa kimewekwa Athi River kuwanunua.

Lakini wataalamu hao hawakuuliza maswali mawili. La kwanza ni la jiografia: kwa nini ng'ombe wamesongamana hapa? Walisongamana kwa sababu mipaka ya kikoloni iliwazuia Wakamba kutumia malisho waliyokuwa wakiyahamia wakati wa kiangazi. Sehemu nyingine zilikwisha kupewa walowezi, na nyingine zilikuwa chini ya amri ya serikali. La pili ni la uchumi: ng'ombe ni nini kwa mwenyewe? Kwa mtu asiye na benki, ng'ombe alikuwa akiba yake, mahari ya mwanawe, na chakula cha mwaka wa njaa. Kumnyang'anya kwa bei ndogo ni kumfungulia mtu sanduku lake na kumwachia funguo tupu.

Wakamba walijibu kwa namna iliyoistusha serikali. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, maelfu yao, waume kwa wake, walikwenda Nairobi na kupiga kambi kwa muda wa majuma kadha, wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Lakini kabla mwaka 1938 haujaisha, amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu iliachwa. Jina lake sasa limo katika njia mojawapo ya katikati ya jiji la Nairobi. Apitaye njia hiyo na akumbuke kwamba ugomvi ule ulikuwa juu ya udongo na bei kwa pamoja.

Elimu ya vyuo vikuu ilipoanza kustawi kwetu, masomo haya mawili yalipata wenyeji wa kuyashika. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilifungamana na Chuo Kikuu cha London tangu mwaka 1949, na wanafunzi wake wakawa wakipewa shahada za London. Mwai Kibaki alimaliza huko mwaka 1955, akiwa amesoma uchumi pamoja na historia na siasa, kisha akaenda London School of Economics, na aliporudi akafundisha uchumi Makerere. Alikuwa Waziri wa Fedha wa Kenya kwa miaka mingi, na Rais tangu mwaka 2002 hata 2013. Simeon Ominde, mtaalamu wa jiografia, naye alifundisha Makerere, halafu akawa profesa Nairobi. Mwaka 1964 aliiongoza tume iliyoichungua elimu ya Kenya, na mwaka 1968 alichapisha kitabu juu ya ardhi na uhamaji wa watu wa Kenya. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka 1970 kila nchi ikapata chuo kikuu chake.

Hata hivyo, kuwa na wataalamu wa pande zote mbili si sawa na kuziunganisha elimu zao. Mwaka 1965 serikali ya Kenya, ambayo Tom Mboya alikuwa Waziri wake wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi, ilitoa waraka uliojulikana kama Waraka Namba 10, juu ya ujamaa wa Kiafrika na mipango ya nchi. Waraka ule ulisema, kwa ufupi, kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapoongeza mapato ya taifa kwa upesi zaidi. Yaani penye ardhi njema na mvua ya kutosha, penye njia na umeme, na penye watu walio tayari kwa maendeleo. Mali itakayopatikana huko ingesaidia baadaye sehemu nyingine.

Hoja hiyo si ya kipumbavu. Nchi changa yenye fedha chache haina budi kuchagua, na mkulima mwenye mbegu chache huanza na shamba lenye rutuba. Lakini jiweke mahali pa mtu wa Migwani, uisome hoja hiyo. Mvua kwako ni chache. Basi hupati barabara. Kwa kuwa huna barabara, mazao yako hayafiki sokoni. Na kwa kuwa hayafiki sokoni, husemwa kwamba nchi yako haileti faida. Mwaka unaofuata hesabu hufanywa upya, na jibu ni lile lile. Hivyo uhaba wa mvua, ambao ni kazi ya maumbile, ulitiwa juu yake uhaba wa njia, shule na soko, ambao ni kazi ya wanadamu. Na kwa muda mrefu watu hawakutofautisha kati ya huu na ule. Kazi mojawapo ya mtu aliyesoma masomo haya mawili ni kuutofautisha.

Kitui ilijaribiwa tena na tena. Wakamba wana desturi ya kuipa kila njaa jina, na majina hayo ni historia yenyewe. Njaa ya mwaka 1961, ambayo ukame wake ulifuatwa na mafuriko, huitwa ya Ndeke, yaani ya ndege, kwa kuwa njia zilikatika na chakula kikaangushwa kwa ndege. Njaa nyingine, ya miaka ya 1980, hupewa jina la Nikw'a Ngwete, maana yake nitakufa hali ninazo fedha mkononi. Watu walikuwa na shilingi, lakini chakula cha kununua hakikuonekana.

Jina hilo lafaa kuandikwa ukutani katika darasa la uchumi. Mwaka 1981 Amartya Sen, mtaalamu wa uchumi aliyezaliwa Bengal, ambaye mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Nobel, alichapisha kitabu juu ya umaskini na njaa. Alichungua njaa ya Bengal ya mwaka 1943 na ya Wollo, Ethiopia, ya mwaka 1973, akaonyesha kwamba watu waweza kufa kwa njaa wakati chakula kipo nchini, kwa sababu hawana uwezo wa kukipata. Wollo ilikumbwa na ukame, na hali watu wake wakifa, chakula kingine kilikuwa kikitolewa humo kupelekwa kwingine, kwa kuwa wenye njaa hawakuwa na fedha za kukizuia. Wafugaji nao waliangamia si kwa kufa kwa ng'ombe tu, bali kwa kuanguka kwa bei ya ng'ombe mbele ya bei ya nafaka: fumbo lile lile la mbuzi wa Migwani.

Weka sasa Wollo kando ya Kitui. Wollo kulikuwa na chakula, fedha hazikuwapo; Kitui kulikuwa na fedha, chakula hakikuwapo. Anayeshughulika na njaa ni lazima ajue ni ipi kati ya hizo mbili iliyo mbele yake. Akigawa fedha mahali pasipo na bidhaa, bei zitapanda na watu watabaki na njaa. Akileta malori ya mahindi ya bure mahali ambapo mahindi yako sokoni na haba ni fedha, atawavunja wakulima na wachuuzi wa jirani, na mwaka ujao hapatakuwa na atakayepanda wala atakayeleta bidhaa. Ili kutambua, yampasa apime mvua, ajue njia, na aulize bei ya mbuzi na ya debe la mahindi katika soko baada ya soko. Kosa la elimu hapo halisahihishwi kwa kalamu nyekundu, huonekana makaburini.

Wala historia hii si ya misiba mitupu. Mwaka 1994 kilitoka kitabu kilichowashangaza wengi. Waandishi wake walikuwa Mary Tiffen, mtaalamu wa uchumi na jamii, Michael Mortimore, mtaalamu wa jiografia, na Francis Gichuki, mhandisi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Waliichungua wilaya ya Machakos, pamoja na Makueni, tangu miaka ya 1930 hata 1990. Katika muda huo watu waliongezeka zaidi ya mara tano. Waliotabiri katika mwaka 1938 wangedhani nchi ile imegeuka jangwa. Lakini picha za zamani zilipolinganishwa na hali mpya, mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka, na mazao kwa kila mtu yamezidi.

Ilitokeaje? Wakulima walijenga matuta, hasa yale yaitwayo fanya juu, ambayo mtu huchimba mfereji kukingama mteremko na kuutupa udongo upande wa juu, mpaka shamba likawa ngazi zinazoshika maji. Vikundi vya kusaidiana, viitwavyo mwethya kwa Kikamba, vilifanya kazi hiyo, na wanawake ndio waliokuwa wengi humo. Lakini matuta hugharimu nguvu nyingi, na hapana ajengaye tuta kwa ajili ya mavuno yasiyouzika. Nairobi ilikuwa karibu. Ilitaka matunda, mboga na kahawa, na mishahara ya wana waliofanya kazi mjini ilirudi kununua majembe na mbegu. Soko ndilo lililolipa gharama ya udongo. Mtaalamu wa jiografia peke yake angeliona tuta, na wa uchumi peke yake angeliona soko. Kwa kuwa walikwenda pamoja waliona kwamba la pili lilikuwa sababu ya la kwanza.

Wachambuzi wengine waliwajibu kwamba faida haikuwafikia wote sawasawa, na kwamba wasio na jamaa mwenye mshahara waliachwa nyuma. Jibu hilo lina uzito, nalo latupa swali la kwetu: je, njia ya Machakos yafaa Kitui, iliyo mbali zaidi na Nairobi na yenye mvua ndogo zaidi katika sehemu zake nyingi? Von Thünen angetuonya tusinakili pete moja juu ya nyingine. Kitui imejaribu mambo yake yenyewe. Tangu miaka ya 1990 mamia ya mabwawa ya mchanga yamejengwa katika mito yake mikavu. Ukuta hujengwa kukingama mto. Mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta. Na ndani ya mchanga maji hujificha, jua lisiweze kuyanywa yote. Wakati wa kiangazi watu huchimba na kuteka. Maji yakiwa karibu, mama aliyekuwa akipoteza nusu siku njiani huipata nusu siku hiyo kwa bustani au kwa biashara. Bwawa ni kazi ya jiografia, bali saa za mama ni hesabu ya uchumi.

Serikali nayo imebadili hesabu yake. Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti, nazo zikaanza kazi mwaka 2013. Katika kanuni ya kwanza ya kugawana fedha za taifa, sehemu 45 katika 100 zilifuata idadi ya watu, 25 ziligawanywa sawasawa, 20 zilifuata umaskini, 8 zilifuata ukubwa wa eneo, na 2 zilifuata uangalifu katika matumizi. Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na katika sensa ya 2019 ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja. Kuwapelekea dawa na walimu watu waliotawanyika hivyo ni ghali kuliko kuwahudumia watu wa mji mmoja. Ile sehemu ya 8 katika 100 ni neno la jiografia lililotiwa katika sentensi ya uchumi. Kama yatosha au haitoshi, wabunge hushindana kila mara. Lakini awezaye kushiriki katika mashindano hayo kwa hoja ni yule aliyezisoma lugha zote mbili.

Mwanafunzi anayetaka kusoma masomo haya kwa pamoja na ajue mapema kwamba kazi si nyepesi. Uchumi wa chuo kikuu hutaka hesabu. Asiyependa hesabu atalia. Jiografia hutaka miguu na macho: kupima mto, kuchora ramani, kuuliza watu nyumba hata nyumba, na siku hizi kusoma picha zilizopigwa na setilaiti. Tena mwenye masomo mawili hana nafasi ya kuzama katika kila moja kama mwenye somo moja. Yampasa kuongeza kwa juhudi yake kile ambacho ratiba imempunguzia. Na hatari kubwa zaidi ni kuyabeba masomo hayo kama mizigo miwili juu ya punda mmoja, huu upande huu na ule upande ule, visigusane mpaka siku ya mtihani. Aliyesoma hivyo amepata shahada ya pamoja, lakini elimu ya pamoja hakuipata.

Zamani kijana wa Kitui aliyetaka elimu ya juu ilimbidi kwenda Makerere au ng'ambo. Leo Kitui yenyewe ina chuo kikuu, South Eastern Kenya, kilichopo Kwa Vonza, kilichopata hati yake mwaka 2013. Umbali umepungua tena, kama ulivyoongezeka siku za reli. Kwa hiyo wewe msomaji, ukiwa bado katika madarasa ya sekondari, anza kazi sasa. Chukua daftari. Kila siku ya soko andika bei ya mbuzi, bei ya mahindi na bei ya ndengu. Na kando yake andika mvua iliyonyesha, na hali ya njia. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kurasa zako mwenyewe za kuuliza na kujibu, kama von Thünen alivyokuwa nazo Tellow. Na baada ya miaka mitatu au minne utaweza kumwambia jirani yako, kabla mawingu hayajakosekana kabisa, kama amwuze mbuzi wake mwezi huu au asubiri. Siku utakayoweza kumwambia hilo bila kumpoteza, hapana atakayekuuliza tena mlima na shilingi vina udugu gani.